Vitabu vya Wageni

Maboksi yalipofika shuleni, Mwalimu Mkuu aliyakata utepe wa gundi kwa kisu cha jikoni, akavuta kiti, akaanza kupanga vitabu kwenye kabati la vioo. Vilikuwa vya watoto, vyenye picha: mtoto wa jangwani na ngamia wake, mapacha wanaoishi kwenye nyumba inayoelea, msichana wa nchi ya theluji ndani ya koti la manyoya. Juu ya kila boksi mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene: VITABU VYA WAGENI. Aliyeandika alimaanisha hadithi za watoto wa nchi za watu. Mwalimu Mkuu akaelewa kwamba vinasubiri wageni. Alifunga kabati, ufunguo akauvaa shingoni.

Watoto wakawa wanatazama kupitia kioo. Aliyezidi ni binti wa mama mmoja fundi cherehani, waliyemwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haupoi. Kitabu cha theluji kiliachwa wazi ili kipendeze, na kila mapumziko Chiriku alisimama hapo akisoma kurasa mbili zile zile, zinazofuata akajibunia.

Jumatatu moja msichana wa theluji alikutwa darasani, dawati la nyuma, koti likichuruzika maji. Mwalimu wa darasa alimwambia asogee asije akaloanisha madaftari ya wenzake, akaendelea na hesabu za kutoa.

"Mbona umetoka?" Chiriku alimnong'oneza.

"Kule hakuna anayefunua ukurasa. Nimesimama mpaka miguu imekufa ganzi."

Mwalimu Mkuu alipokuta ukurasa una theluji tupu na nyayo, hakuuliza mtoto ametokaje. Aliuliza nani kafungua kabati. Alimtilia shaka mlinzi, akamtilia shaka mwalimu wa darasa, akawapanga watoto mstari akawakagua kucha. Mwisho akatua kwa Chiriku. Mama yake akaitwa.

"Mama Chiriku, mwanao ana mkono mwepesi."

"Mwanangu mwepesi wa mdomo, mwalimu. Mkono hapana."

"Basi nani? Wageni wanakuja Ijumaa, wakikuta pengo nitawaambia nini? Ukurasa usipojaa, huyu hasomi tena hapa."

Wote wakamgeukia msichana wa theluji, aliyesimama mlangoni na Chiriku.

"Sirudi," alisema.

Mama akamtazama Mwalimu Mkuu, akautazama na ule ufunguo. Hakuupenda unavyoning'inia.

"Acha niende mimi, mama," Chiriku alisema. "Nikiwa ndani nitasoma mpaka mwisho."

Alhamisi, baada ya kipindi cha mwisho, kabati lilifunguliwa. Chiriku alivua viatu, akapanda rafu, akaingia ukurasani. Alisimama kwenye theluji na sare yake, mikono kwapani, akaanza kuongea. Kioo kilipofungwa, ikabaki midomo tu inacheza.

Wageni walikuja, wakapiga picha. Mmoja aliinama karibu.

"Mchoraji hodari. Utadhani anatetemeka kweli. Na watoto wanavisoma?"

"Yupo asiyetoka humo kabisa," alijibu Mwalimu Mkuu.

Mama alipokwenda kumchukua mwanawe, aliambiwa avute subira, kuna wageni wengine wanatarajiwa. Msichana wa theluji hakuwa na wa kumchukua, basi akaondoka naye. Nyumbani alimsimamisha kando ya cherehani ampime sare, maana shuleni walishasema hatakaa darasani na lile koti.

"Niambie kweli," mama alisema, akimpima bega. "Nani alikufungulia? Chiriku?"

"Hapana. Mwalimu Mkuu. Alifungua kufuta vumbi, nikapita."

"Hakukuona?"

"Aliniona. Alinipisha."

Mama alikuwa ameshabana pini midomoni. Alizungusha futi kiunoni mwa mtoto, akaisoma, akamwashiria anyanyue mkono wa pili.