Mkanda Mwembamba

Afisa wa wizara alileta oda ya bendera sitini za taifa kwa ajili ya shule, na juu yake akaweka kijitabu cha vipimo na maana ya rangi zake, ili fundi asikosee vipimo. Fundi alikifungua, akasoma, mori ukampanda pale pale.

“Mkanda mwekundu ni mwembamba kuliko mingine,” kilisema, “kwa sababu uhuru wetu ulipatikana bila damu nyingi kumwagika.”

Bila damu nyingi! Na mama yake fundi yuko hapo nyuma ya cherehani anakata nyuzi, mjane tangu ujana wake, maana mumewe alipigwa risasi kwenye maandamano miezi minane kabla ya huo uhuru. Bendera ya kwanza kabisa ya taifa aliishona mama huyo, kwa mikono yake mwenyewe.

“Nani kaandika upuuzi huu?”

“Dada yangu, ni wataalamu.”

“Mtaalamu umempa mgongo. Mama, hebu mwambie.”

Mama hakuinua macho. “Karani wa kamati ya sherehe za uhuru alikosea vipimo, mwanangu. Kitambaa chekundu kikaja nusu, sherehe kesho yake, maduka yamefungwa. Nikapunguza mkanda. Wakasema watarekebisha baadaye.”

Afisa akacheka, kicheko cha kumbembeleza mtoto. “Sasa bibi, tukawaambie wanafunzi bendera ya taifa iko hivi kwa sababu kitambaa kilipungua?”

“Ndiyo!” fundi alifoka. “Kuliko kuwaambia baba yangu hakufa!”

“Kijitabu kimeshachapwa, dada. Kiko mashuleni.”

“Basi beba na oda yako. Sishoni.”

Akaibeba kweli, wala hakubembeleza. Mafundi wamejaa tele mjini.

Jioni binti yake fundi akarudi kutoka shule, hata viatu hajavua. “Bibi, nisikilize, kesho tuna mtihani.” Akasimama wima, akakariri maana ya rangi zote bila kukwama, mpaka kwenye damu isiyomwagika. Mama yake fundi akaweka mkasi chini. Akainuka polepole, akaingia chumbani, akafunga mlango.

“Nimekosea wapi?” mtoto akauliza, machozi yakimlengalenga.

Hasira zilimjaa fundi, na hakuwa na wa kumtolea ila huyu asiye na kosa. Akajizuia.

“Hukukosea wewe. Kesho andika babu yako alipigwa risasi.”

“Mwalimu atanikosesha.”

“Akukoseshe. Halafu nakuja mimi.”