Namba ya Mwanzo

Kazini walimwita Bingwa, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na babake. Seva kubwa ya hospitali aliijua tangu ilipokuwa mashine moja. Enzi hizo anwani ya kila kadi ya saketi iliyochomekwa ndani yake ilianza na sifuri, basi mafundi wakazoea kuitupa: badala ya "sifuri, sifuri, nne" walitajiana "sifuri, nne," na mkono ukaenda wenyewe.

Sasa kabati la seva hiyo lilikuwa limegawanywa, kila ubao wa kadi na kazi yake. Ubao namba sifuri uliendesha maabara, ubao namba mbili mishahara, kila upande na mfumo wake.

Asubuhi moja Bingwa alifika kazini na mama mkwe wake, akamwacha kwenye benchi la maabara. Majibu ya damu yakitoka, mama angeingia kupasuliwa jicho. Nafasi hiyo alikuwa ameisubiri muda mrefu, huku la pili nalo likianza ukungu.

Kufika ofisini, akakuta kadi ya mishahara imekufa. Anwani yake: 2/0/4.

"Sifuri, nne," alisema Bingwa, akifungua kabati.

"Na ile mbili ya mwanzo?" aliuliza fundi mwenzake, dada waliyempachika jina la Maswali. "Si ndiyo inasema ubao upi?"

"Dada, wewe hata maji utauliza kwa nini yanalowesha."

Wenzao wakacheka. Bingwa, kichwa kimemvimba, akachomoa kadi ya nne kwenye ubao wa juu, ule aliouzoea. Ubao sifuri.

Simu ya maabara ikalia kadi ikiwa bado mkononi. Skrini zimeganda zote, hakuna jibu linalotoka.

Aliisukuma kadi kwa pupa, ikagoma kurudi. Maswali aliichukua, akaipachika, akaanza kuiwasha upya maabara, kazi iliyokula asubuhi nzima. Kisha akaisoma anwani ya kadi mbovu kwa sauti, namba zote tatu, akaenda kuitoa kwenye ubao wake. Hakumcheka. Bingwa aliona afadhali angemcheka.

Alipofika kwenye benchi, nafasi ya mama mkwe ilikuwa imeshapewa mgonjwa mwingine. Kwenye foleni watu walikuwa wakimlaani mjinga aliyezima mitambo.

"Mama, ni mimi," alisema Bingwa. "Nimeruka namba moja. Nimechomoa kadi isiyohusika. Nafasi yako imepotea kwa sababu yangu."

Mama mkwe alimtazama kwa lile jicho lake linaloona, kisha akageuka kuwatazama watu.

"Punguza sauti, mwanangu," alinong'ona. "Hawa wote nimeshawaambia mkwe wangu ndiye aliyeitengeneza mitambo."

Mzee aliyekaa pembeni akainuka, akanyoosha mkono. "Ahsante sana, fundi. Tungelala hapa leo."

Bingwa akaupokea mkono ule, macho sakafuni.