Siku Tisa za Nahodha

Benchi la nje ya mlango wa mtahini lilitengenezwa na mtu asiyewapenda watahiniwa. Sindano alikuwa amelikalia tangu asubuhi, bahasha kifuani, mgongo ukiuma. Jina hilo la Sindano alipewa na wenzake chuoni, kwa kuwa alikuwa mwembamba, binti wa fundi cherehani, na kikasha chake cha bikari na rula hakikukosa uzi na sindano. Wavulana waliomcheka ndio hao hao waliompelekea mashati yaliyong'oka vifungo.

Miaka mitatu alikuwa amesomea uongozaji wa meli: ramani, nyota, upakiaji wa mizigo, sheria za kuzuia meli zisigongane. Kisha akaenda baharini kujifunza kazi yenyewe. Kilichobaki ni mtihani huu wa ana kwa ana, halafu apewe cheti cha ofisa wa zamu. Cheti hicho kina sharti lisilo na mchezo: siku mia tatu na sitini baharini. Mia tatu na hamsini na tisa hazitoshi. Nahodha akikushusha huandika tarehe katika kitabu chako cha baharia, akagonga mhuri. Siku zisipotimia hupati kitu, hata kama unaijua bahari kuliko samaki.

Alipoitwa, aliwakuta wawili. Mtahini alikuwa nahodha mstaafu, mzee aliyekula chumvi nyingi, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Pembeni, kwenye meza iliyojaa mihuri, alikaa karani.

"Ukungu umetanda," mzee alianza bila salamu ndefu. "Huoni hata pua ya meli yako. Unasikia honi mbele. Unafanyaje?"

"Napunguza mwendo mpaka ule wa mwisho ambao usukani bado unashika. Ikibidi nasimamisha meli kabisa. Sigeuki kwa kubahatisha, mzee."

"Wengi hugeuka."

"Najua. Ndiyo maana wanagongana."

Mzee alichekea puani. Alimuuliza kwa saa nzima, akamzungusha huku na huku, na Sindano akajibu bila kutetereka. Mwishowe mzee alivua miwani. "Leo nilikuja kutafuta pa kukuangushia, binti. Sijapaona. Umefaulu. Mpe karani kitabu chako na pasipoti, aandike jina sawasawa."

Moyo wa Sindano ulijaa furaha mpaka akaona haya. Akamkumbuka mama yake, na lile shati jeupe alilomshonea siku ya kwanza ya chuo, lenye vitanzi vya mabegani vya kuvishia alama za cheo. Miaka yote hiyo vitanzi vilikuwa vitupu.

Karani hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa tu mtu wa tarehe, na mtu wa tarehe akishaona mbili zinapigana hali chakula. Alivilaza vitabu viwili kando kwa kando, akaweka kidole kimoja huku na kimoja kule.

"Dada, hebu nisaidie. Hiki kinasema ulishuka melini tarehe ishirini na tatu. Pasipoti inasema uliingia nchini tarehe kumi na tano, mwezi huo huo. Hizi siku ulikuwa wapi?"

Sindano alivitazama vile vidole viwili. Alijua vizuri alikokuwa.

Tarehe kumi na tatu dada yake mkubwa alikuwa amempigia simu: mama yuko hoi, njoo. Meli ilikuwa bandarini ugenini ikishusha mbolea. Zilibaki siku tisa. Alimwendea nahodha akiwa na vumbi la mbolea mpaka kwenye kope, akamweleza habari ya mama, akasema atabaki, atamaliza, maana kila kitu kilitegemea siku hizo. Nahodha, mtu mkali asiyejulikana kwa maneno matamu, alimkatiza.

"Wa kwangu nilimzika kwa redio, mwanangu. Nilisimama zamu, wakanisomea maneno yaliyosemwa kaburini. Nenda. Hizo siku tisa nitakupa mimi."

Kesho yake akamwandikia ishirini na tatu, akagonga mhuri, akarudi kuwafokea wapakuzi. Tenda wema nenda zako. Sindano aliunga ndege mbili akafika tarehe kumi na tano, na mama alikuwa amezikwa jana yake jioni. Dada yake alimpokea mlangoni kwa mkono tu. Tangu siku ile walizungumza mambo ya chumvi na maji, basi.

Mzee mtahini alikuwa amesogeza kiti. Furaha ilikuwa imemtoka usoni.

"Nisikilize vizuri," alisema polepole. "Kama nahodha ndiye aliyeandika, wewe utarudi ukamalize siku zako tisa, na yeye atanyang'anywa cheti. Kama uliandika wewe, ni kughushi. Miaka mitano hutakanyaga hapa, na baada ya hapo sijui ni meli gani itakuchukua. Nani aliandika?"

Ilikuwa rahisi kusema. Neno moja tu, na neno lenyewe la kweli. Nahodha alikuwa mbali, asingesikia. Sindano alifungua kinywa akamwona yule nahodha mkali amesimama zamu, akisomewa maziko ya mama yake redioni.

"Mimi," alisema.

Mzee alichukua karatasi za Sindano za mtihani wa maandishi, akazilinganisha na kile kitabu. Kila tarakimu ya mbili aliyoandika Sindano ilikuwa imenyooka. Ile ya kwenye kitabu ilikuwa na mkia mrefu.

"Huu si mwandiko wako, binti."

"Niliuiga."

"Na mhuri?"

"Niliugonga akiwa hayupo."

Walitazamana. Mzee alijua, na Sindano alijua kwamba anajua. Lakini fomu ilikuwa na nafasi moja tu ya kujaza, mzee akaijaza jina la Sindano. Karani, kwa sauti ya chini, alisema pole. Hakuinua macho.

Alifika nyumbani mchana, amechoka kama aliyepigwa. Dada yake alikuwa kwenye cherehani ya mama, akikunja pindo la pazia la mteja. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Macho yake yalikuwa mekundu. Inaonekana alijua leo ni siku ya mtihani na hakulala.

"Kaa, mdogo wangu. Nina neno, na nisipolisema leo litanitoa roho."

Sindano akakaa.

"Mama alilala kitandani tangu tarehe kumi. Akatuapisha tusikupigie. Alikuwa anazihesabu siku zako, anachora kwa chaki yake ya kukatia nguo, pale ukutani nyuma ya cherehani. Alisema, mwacheni mtoto amalize, mkimwita sasa mtakuwa mmemuua. Nikamtii. Siku ya nne nikaona hapana, nikakupigia. Ningekupigia ile kumi ungemkuta anaongea. Alikuulizia mpaka mwisho." Alijifuta pua kwa kitambaa cha mteja bila kutambua. "Umeniona nimenuna kwako miezi yote hii. Sikununa. Nilishindwa kukutazama."

Sindano aligeuza macho ukutani. Michoro ilikuwepo, mafungu ya tano tano, safu juu ya safu, ya chini kabisa imepinda kwa mkono uliokuwa hauna nguvu. Miezi yote hii alikuwa ameidhania ni vipimo vya wateja.

"Sasa niambie," dada yake alisema. "Niambie zile siku zilifaa kitu. Umefaulu?"

Sindano aliitazama tena ile safu ya chini kabisa.

"Mtahini amesema nimefaulu," alijibu.

Dada yake alifunika uso akalia, kilio kirefu cha mtu aliyetuliwa mzigo. Alipomaliza, aliinuka akaenda chumbani, akarudi na lile shati jeupe, akalitandaza mezani. Akachomeka pasi. Akapima vitanzi vya mabegani kwa vidole.

"Hizo alama za cheo watakupa lini?" aliuliza, huku anatabasamu.

"Bado kidogo," alisema Sindano, na dada yake akaanza kupiga pasi.