Moto Chini ya Shamba la Mzee Zaidi

Kitu cha kwanza Naima alichokiona asubuhi ile ni kandambili za baba yake. Zilikuwa mlangoni mwa karakana, pale Kizota, zimewekwa pamoja kama mlangoni mwa msikiti, ilhali wageni wengine wote walikuwa wameingia na viatu vyao. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba baba yake, mzee Zaidi, ametoka kwao Kondoa.

Karakana ile mtafiti Octavian aliigeuza maabara ya kutoa mafuta kwenye mawe, na Naima ndiye aliyeifagia. Yeye pia ndiye aliyemletea jiwe la kwanza, jiwe jeusi la tabaka tabaka kutoka shambani kwao, ambalo mama yake alilitoa mekoni kwa sababu lilishika moto na kunuka mafuta. Octavian alifurahi, akaanza kumwita mdogo wangu, akaapa kwamba atachoma mawe ndani ya bomba tu, shamba lao hatoligusa. Naima akamwamini kama kaka wa tumbo moja.

Sasa bomba la chuma lilisimama mbele ya wageni waliokuja kuona jaribio, limejazwa mawe yaliyopondwa. Octavian aliwasha moto juu, akasukuma hewa kwa pampu. Moto ukashuka taratibu ndani ya mawe, na huko chini mafuta meusi yakaanza kudondokea kwenye chupa. Yalitoka pamoja na maji machafu, yale ambayo Naima huyabeba kwa ndoo huku kajifunga mtandio puani. Wageni wakapiga makofi.

"Hili ni bomba tu," Octavian alisema. "Mwezi ujao tunawasha ardhini kwenyewe, shambani kwa mzee wetu huyu. Mzee, shikamoo tena."

"Marahaba. Mimi nilikataa, mwanangu, kwa ajili ya chemchemi ya pale shambani. Kijiji kizima tunakunywa pale. Uliponiambia Naima ameridhia ndipo nikasema basi, yeye ndiye anayeuona huo moto kila siku."

Naima aliacha kufagia.

"Nilimuuliza tukinywa chai," Octavian aliwaambia wageni, akicheka. "Akatazama chini, akanyamaza. Kwao binti akiposwa akanyamaza, si ndoa hiyo?"

"Na mahari ndiyo hiyo chupa," mgeni mmoja akadakia.

Wakacheka wote. Hata baba yake alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliye ugenini.

Ni kweli, alimuuliza. Naima alinyamaza kwa haya, na kwa kudhani kwamba mtu anayemwita mdogo wangu anaijua haya yake. Kumbe aliijua. Ndiyo maana aliuliza, kisha hakungoja jibu.

Akauegemeza ufagio ukutani, akaenda kusimama mbele ya baba yake.

"Baba, sikuridhia. Maji yanayotoka humo hayafai hata kufulia tambara. Sitaki moto chini ya chemchemi yetu. Sikutaka tangu siku ile."