Nukta Tisa na Mji Mmoja

Mgeni anaingia bila hodi, adhuhuri, Tusekile akiwa amelaza shavu juu ya meza ya maabara, akisubiri kipande cha metali kipoe ndani ya heliamu, ile gesi iliyogeuzwa kimiminika baridi. Mgeni hana uso. Anamwambia twende, naye anakwenda, na sakafu inageuka barabara ndani ya metali ile, na barabara inazaa barabara, nyumba safu kwa safu, kila mji kioo cha mwenzake, na baridi inazidi. Elektroni wanapita wepesi kama watu waliomaliza soko, kwa kuwa baridi imezituliza nyumba zilizokuwa zikitikisika na kuwapiga vikumbo. Ndivyo vitabu vinavyosema: metali ikipoa, njia hufunguka. Lakini mbele umati umekwama. Kitendawili, anasema asiye na uso. Tega. Baridi ikizidi, mmoja husimamisha mji. Tusekile anafikiri, anashindwa. Basi nipe mji. Anampa Sapporo, mji wa Japani, mji pekee anaoutamani, atakakosoma iwapo msimamizi wake, Dakta Mngodo, atatia saini barua yake ya mapendekezo; na asubuhi Dakta amesema atatia saini iwapo Tusekile atafuta nukta tisa za mwisho kwenye grafu, zile zinazoonyesha metali ikizidi kupoa na ukinzani wake kwa umeme ukipanda badala ya kushuka. Uchafu tu huo, binti, usitutie aibu. Asiye na uso anaupokea mji, kisha anamwonyesha jibu. Katika nyumba moja kati ya elfu anakaa Seriamu, atomu ya metali ngeni aliyekuja toka mbali, anazunguka papo hapo kama pia, na wapita njia wanaacha safari zao, wanamzingira, wanamkumbatia hata mzunguko wake hauonekani tena. Mlangoni pake makarani wameshika vifutio. Hayumo kitabuni, wanasema. Tusekile anawasogelea kwa hasira. Hayumo, au kitabu ndicho hakijamfikia? Mji mzima umesimama kwa ajili yake, nanyi mnamwita uchafu. Seriamu anamtazama. Dada, wewe umeniona. Usinifute. Sitakufuta, anasema Tusekile, na barabara zinajikunja.

Anaamka. Shavu lina barafu, au labda ni ubaridi wa meza. Dakta Mngodo amesimama mlangoni na barua mkononi, mwanga uko nyuma yake, uso wake hauonekani. Umefuta?

Zote tisa zimo, Dakta. Zipo, kwa hiyo zimo.

Basi Sapporo utaiona kwenye picha za kalenda, anasema, na kuirudisha barua mfukoni. Tusekile hajui kama ameamka au ameingia mji mwingine tu wa vioo. Anachukua kalamu, na kando ya nukta ya tisa anaandika: Seriamu, yupo.