Mwalimu wa Udereva Afumbwa Mdomo

Mume wangu amefundisha udereva nusu ya mji huu, lakini mimi mkewe nilikwenda kufundishwa na mtu mwingine. Kinyozi hajinyoi. Leseni ninayo, gari siligusi, maana nikishika usukani tu anaanza: klachi, kioo, taratibu. Sikukuu hii nikasema basi. Nikamwekea sharti mbele ya mama yake: twende kwenye maporomoko na kurudi, naendesha mimi. Akisema lolote kuhusu uendeshaji, au akigusa usukani, gari ni langu kila Jumamosi. Akivumilia, sitaliomba tena.

"Mwamuzi ni mimi," mama mkwe akasema, akapanda nyuma na mto wake.

Kijiji cha kwanza tukakikuta na gulio. Watu wamejaa barabarani, mbuzi wamelala katikati, na muuza mitumba katandaza suruali zake mpaka karibu na tairi. Nikapenya hivyo hivyo. Mwenzangu alikanyaga breki isiyokuwepo mpaka zulia likakunjamana. Kijiji cha pili gari likanizimikia mbele ya lori la mkaa, honi zikalia nyuma yetu, naye akauma kitambaa chake cha jasho. Wallahi nilifurahi.

Juu ya kilima palikuwa kimya, hakuna mtu, maporomoko yanasikika bondeni. Nikaegesha, tukashuka kutazama. Mama tulimwacha ndani, amelala fofofo.

Mara nikaona mume wangu katoa macho. Kugeuka, gari linarudi nyuma lenyewe, na mama mkwe wangu ndani. Breki ya mkono sikuivuta. Akafungua mdomo, akaufumba, akatimua mbio. Alijitupa kwenye kiti changu, akashika usukani na kuvuta breki, gari likasimama limeegemea kichaka.

Mama akafumbua macho, akamkuta mwanawe kashika usukani, anahema.

"Nilijua hutaweza," akasema. "Hata nusu siku? Mpe mwenzio funguo zake."

Nikasubiri aniumbue. Haki yake.

"Nimeshindwa, mama," akasema. "Uchu wa usukani tu ulinizidi."

Akanikabidhi funguo bila kunitazama. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka moto. Nikakaa, nikavuta breki ya mkono, ingawa alikwisha kuivuta yeye.

"Baba watoto," nikasema, "hapa kwenye mteremko naanza na nini?"

"Naruhusiwa kusema?"

"Sema."

Alisema mpaka tukafika nyumbani.