Waya wa Spika ya Kulia

Dada alinipigia simu mara tatu kabla sijamaliza chai, nikajua kuna jambo. Alisema mume wake anataka kununua waya mwingine. Nikamuuliza waya gani, maana mimi ni fundi umeme na nyumba yao niliifunga nyaya mwenyewe, chumba kwa chumba. Akasema ule wa kutoka ukutani kwenda kwenye spika. Mmoja alishaununua mwezi uliopita kwa bei ya jokofu jipya, mita moja na nusu tu, ukaja ndani ya boksi lenye kitambaa laini kama pete ya uchumba. Sasa anautaka wa pili, na ili aupate anataka wauze moja ya cherehani zake dada.

Nilikasirika nikiwa bado kwenye simu. Umeme umesafiri maili na maili kwenye waya wa kawaida, umepita kwenye nguzo zilizopinda, umeingia ukutani kwenye waya niliouvuta kwa mikono yangu, halafu ufike kwenye hiyo mita moja na nusu ndipo upate adabu? Huo ni wizi wa mchana kweupe, nikamwambia. Dada hakucheka. Alisema wateja wawili wamerudisha kazi mwezi huu wakilalamika kwamba sauti inalalia upande mmoja, na shemeji anaamini waya ndio utakaoiokoa studio.

"Kazi yake inamponyoka," akasema, "na mimi sijui nimshike wapi. Njoo umwonyeshe kwamba waya ni waya."

Shemeji anarekodi matangazo na vitabu vya kusikiliza kwenye chumba cha nyuma, chumba kisicho na upepo, magodoro ya zamani yamegongelewa ukutani ili kuzuia mwangwi. Ni mtu wa masihara, lakini Jumamosi ile nilimkuta amekonda, anazungusha kalamu vidoleni bila kuandika kitu. Nilipomwambia tufanye jaribio alikubali haraka mno. Tulipanga masharti wote watatu: yeye afungwe macho kwa kipande cha kitambaa kutoka kwenye ushonaji wa dada, mimi nibadilishe waya wa spika ya kulia, mara wa kawaida, mara ule wa bei mbaya, na dada acheze rekodi ileile kwenye kompyuta. Mara sita. Akipatia tano, cherehani inauzwa na mimi nafunga mdomo wangu.

Rekodi ilikuwa ya mama mmoja anasoma tangazo la sabuni, sauti moja tu, inayotoka pande zote mbili. Kusema kweli spika ya kulia ilipiga kwa nguvu zaidi, nikadhani ndivyo wataalamu wanavyopenda. Mara ya kwanza alipatia. Ya pili akakosea, ya tatu akapatia tena. Dada alikuwa anauma kucha, na mimi jasho lilinitiririka mgongoni kana kwamba ni mimi niliyefungwa macho.

Kila nilipobadilisha waya ilinibidi niizime spika kwa swichi ya nyuma, nichomoe, nichomeke, niwashe. Nina miaka ishirini kwenye kazi hii na sijawahi kusahau swichi. Mara ya nne nikaisahau. Dada akabonyeza, yule mama akaanza kuisifu sabuni yake, na sauti yote ikatoka kushoto, upande wa dirishani. Spika ya kulia ilikuwa kimya, taa yake ndogo imezimika. Nilijiona mjinga, nikafungua mdomo niombe radhi tuanze upya.

"Hii ndiyo yenyewe," shemeji akasema. Alikuwa anatabasamu chini ya kile kitambaa. "Huu ndio waya wangu. Sikieni sauti ilivyokaa katikati."

Dada alinitazama. Mimi niliitazama swichi.

Nilijiambia labda amechoka, au labda anatutania. Shemeji huyu aliwahi kuniacha niongee na simu iliyozimwa dakika nzima huku anajizuia kucheka. Kwa hiyo mara ya tano nilijifanya nabadilisha. Nilichomoa, nikachomeka, nikagongagonga boksi la spika, swichi sikuigusa. Rekodi ikaanza tena. Nilimwomba moyoni aniumbue. Aseme, wewe fundi gani, huoni upande mmoja umekufa? Ningekubali kuchekwa mwaka mzima.

Aliinamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Huu wa kawaida," akasema.

Dada akaisimamisha rekodi. Shemeji alikaa akisubiri mara ya sita, na ilipochelewa akauliza amepata ngapi. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi kuhusu wenye maduka na wanaowaamini. Nilikuwa nimeshinda, na sijawahi kuuchukia ushindi namna ile.

"Shemeji," nikasema, "spika ya kulia imezimwa. Tangu ile ya nne."

Hakubisha, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alivua kitambaa, akanyoosha mkono, akaigusa spika kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha akatueleza, macho yake sakafuni. Ilianza miezi mitano iliyopita, baada ya mafua makali. Aliamka sikio la kulia linavuma, na lilipoacha kuvuma likaacha na kusikia. Alidhani litazibuka. Akaongeza sauti ya kulia kidogo kwenye rekodi zake, wiki iliyofuata kidogo tena. Hospitali hakwenda, kwa sababu kule wangeandika kwenye karatasi kwamba sikio limekufa, na fundi sauti mwenye sikio moja nani atampa kazi. Dada akasema polepole kwamba kumbe ndiyo maana alibadilisha upande wa kulala.

"Muuzaji aliniambia tatizo ni umeme mchafu," shemeji akasema. "Watu wote niliowauliza, ni yeye peke yake aliyenipa jibu linaloweza kununuliwa."

Nilitaka kumkaripia. Miezi mitano, mtu mzima, anaona aibu kama mtoto aliyevunja kikombe, na huenda angewahi mapema sikio lingetibika. Sikuthubutu kulisema hilo, na nilijua wote tunaliwaza. Dada aliinuka kwenye kompyuta, akaja kusimama upande wake wa kulia, akamwekea mkono begani na kuinama mpaka midomo yake ikakaribia kuligusa sikio.

"Naogopa, mume wangu," akamnong'oneza. "Naogopa sana."

Shemeji alisubiri kidogo, kisha akageuza uso.

"Umesemaje?"

Dada alijifuta macho kwa kiganja, akakizunguka kiti mpaka upande wa pili.

"Nimesema vaa viatu, twende hospitali."